Mtutu niliupaka mawese, mikono nikaisahau

Jamani, leo simu imelia mbele yangu nikashindwa kuipokea.

Nilikuwa uani, hapa Rumonge, naulaza mtutu wa gobore la marehemu baba kwenye kitako chake cha mti kwa gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili. Halifyatui tena, ni la kutundika ukutani tu.

Mtutu hupakwa mafuta kwanza, usije ukanata moja kwa moja; gundi ni ya kujaza nafasi tu. Nikapaka mawese, si ndiyo yamejaa kwetu!

Nikakandamiza kwa mikono yote miwili. Gundi ikafurika.

Mikono sikuipaka kitu.

Ndipo simu ikalia. Binti yangu Asha, yuko Bujumbura. Nilikuwa naisubiri simu yake wiki nzima.

Jirani yangu Mama Zuhura akaniita ng'ambo ya ua: "Baba Asha, simu!"

"Naisikia!"

"Si uipokee?"

"Mikono imenata!"

"Eh! Muzee muzima?"

Alicheka mpaka simu ikanyamaza. Akaja na maji ya moto na sabuni, akanibandua.

Nikampigia Asha. Hapatikani.

Marehemu mama yake angekuwepo, angenishikia simu sikioni.

Anayejua dawa ya gundi kwenye vidole, anipigie.

Asiyejua pia anipigie. Sasa mikono iko huru.