Mluzi wa Saa Kumi

Nilipokuwa na miaka tisa, sikujua usiku wa London unaanza saa ngapi. Bibi yangu, aliyetoka Tanga kuja kutulea Hayes, pembezoni mwa London, alikuwa na jibu moja: giza likiingia ni usiku, na usiku mtu hapigi mluzi, asije akaita asiowajua. Majira ya baridi, giza huingia saa kumi. Basi nikitoka shule tu, mluzi marufuku.

Jioni moja Mama, aliyekuwa akisafisha vyumba hotelini karibu na uwanja wa ndege, alirudi na mgeni: bibi mzee wa wenyeji wa asili wa Australia, aliyemaliza umri wake akipigania haki za watu wake. Jina lake silitaji. Aliomba lisitajwe akishakufa. Alipakata kasha lenye mifupa ya babu wa babu yake, iliyofukuliwa na Waingereza zamani. Familia iliyoirithi ilikuwa imemrudishia asubuhi ile, na ndege yake ilikuwa kesho. Hoteli ilitaka kasha likae stoo. Akakataa kumwacha mzee wake peke yake, ndipo Mama akamkaribisha alale kwetu.

Bibi naye akakataa. Maiti asiyezikwa halazwi kwenye nyumba yenye mtoto, alisema. Mama alimbembeleza, wapi! Mgeni hakujua Kiswahili, ila kukataliwa alikuwa amekuzoea. Akaanza kufunga vifungo vya koti.

Nilikuwa nikimtazama akivifunga. Nikapiga mluzi bila kujijua.

"Nyamaza," akasema Bibi. Papo hapo mgeni naye, kwa Kiingereza, macho dirishani: "Acha, mwanangu. Watakusikia."

Bibi akaniuliza amesema nini. Nilipomfasiria, alimwashiria mgeni avue koti, kisha akamwagiza Mama afunike king'ora cha moshi kwa kofia yake ya kuogea, akatoa chetezo na ubani. Mgeni akatabasamu. Kwao pia, alisema, marehemu hufukizwa kabla ya safari. Wakakesha sebuleni, kasha katikati yao.

Alfajiri, mgeni akiwa mlangoni, Bibi aliniambia, "Muulize, mimi nikifia huku, nani atakuja kunifuata anirudishe kwetu?"

Niliona aibu. Nikamwambia mgeni kwamba Bibi anamtakia safari njema.

Bibi tulimzika hukuhuku London, na swali lake nimebaki nalo mimi. Linanikosesha raha hadi leo. Juzi, giza limeshaingia, binti yangu alipiga mluzi jikoni. Sikumkataza. Nilitaka Bibi asikie.