Sura ya Nne Ghalani

Karani wa ghala la bidhaa za nje anasomea shahada ya uzamivu katika usimamizi wa kimataifa, na kila sura ya tasnifu yake kuhusu ghala hilo huwasomea kwanza wapakiaji wakati wa mapumziko, akiwa amesimama, penseli sikioni. Wanapoguna, hukata mstari. Anayeguna kuliko wote ni Mama Gundi, mzibaji wa maboksi. Leo sura ya nne imerudi kutoka chuoni na wino mwekundu: profesa anataka maneno ya wapakiaji yaondolewe, eti kampuni huelezwa na mameneja. Kana kwamba boksi hujifunga lenyewe! Karani akikaidi, huenda sura isipite, na miaka mitano iende na maji. Anawasomea agizo hilo kwa sauti yake ileile ya upole.

"Kwa hiyo unatufuta, mwanangu?" anauliza Mama Gundi.

"Siwafuti, mama. Nawaongeza, na safari hii kwa majina, kama mnaridhia."

"Langu liandike kwa herufi kubwa, huyo bwana asije akasingizia miwani."

Karani anacheka, anachomoa penseli na kukata, si mstari wao, bali ule mwekundu. Mama Gundi anajipangusa vidole kwenye aproni, anasogeza kiti, na kwa mara ya kwanza haguni.