Mvua ya Ulaya na matofali ya Katindiuka

Saa moja asubuhi, Katindiuka, pembezoni mwa Ifakara. Evod Valentino (41) anashindilia udongo kwenye kalibu, anausawazisha kwa kiganja, anafyatua tofali. Kisha anageuka kwa mkewe, Agnella, aliyefunga simu ya mumewe kwenye pindo la kanga.

"Mama Stumai, huko Ulaya mvua ipo?"

"Maliza mstari huo kwanza."

Evod hajawahi kushika raketi. Lakini kwenye kibanda cha kubeti mjini, vijana hawaweki mkeka wa tenisi ya viwanja vya udongo kabla hawajamsikiliza.

"Ule uwanja juu ni unga wa matofali," anasema. "Ukiloa, mpira unakuwa mzito. Anayetegemea nguvu anachoka. Mimi naenda na mwenye pumzi. Matofali nimeyashika miaka kumi na tisa."

Anadai hupatia mechi sita katika kumi. Agnella anasema ni tano, tena kwa kumhurumia.

Juni mwaka jana ndipo alipoumbuka. Matofali mabichi elfu sita, ya nyumba yao wenyewe, yalikuwa yanasubiri kuchomwa. Agnella alimpa shilingi elfu thelathini akanunue pumba za mpunga za kuchomea. Evod akapitia kibandani kwanza, maana kwenye simu aliona mvua inaelekea uwanjani, na mtu wake mwenye pumzi alikuwa anacheza.

Mvua ilinyesha kweli, na mtu wake akashinda. Evod alikuwa bado anapongezwa wakati wingu lililokaa juu ya milima ya Udzungwa tangu asubuhi liliposhuka Katindiuka.

"Nilirudi na hela mara mbili," anasema, macho chini. "Nikamkuta mke wangu amesimama kwenye tope lililokuwa matofali yetu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, 'Baba Stumai, ya huku hukuiona?'"

Swali hilo linamuuma mpaka leo. Mwaka mzima wameumalizia kwenye chumba cha kupanga.

Safari hii pumba zilifika kabla ya tofali la kwanza, na simu inakaa kwa Agnella mpaka mstari wa asubuhi uishe. Kubeti hajaacha, wala hadanganyi kwamba ataacha.

"Jumamosi tunachoma," anasema. "Krismasi nataka tulale kwetu."

Mstari umekwisha. Agnella anafungua pindo la kanga, lakini simu haitoi bado. Evod anajua kinachosubiriwa. Anainua uso, anaitazama milima ya Udzungwa toka mwanzo hadi mwisho.

"Kweupe," anasema.

Ndipo anapopewa simu.