Maua Mgongoni mwa Mjomba

Aibu hii sijawahi kuieleza yote, hata kwa wenzangu tunaoosha nao karoti mtoni, maana wao wanajua nusu tu, ile ya kuchekesha, na mpaka leo wakiniona nimevaa kanzu wananizunguka nyuma kwanza waangalie mgongo. Nusu ya pili ndiyo inayoniuma. Leo naiandika yote, polepole (mimi huandika polepole, shule niliishia la saba, na darasani nilikuwa wa mwisho kumaliza kunakili ubaoni), ili mkicheka mcheke mkijua mnachocheka.

Ugonjwa wangu ni nyumba. Vijana wenzangu wakishika simu wanatazama mpira, mimi natazama sebule za watu, rangi za kuta, mapazia, makochi yalivyopangwa. Nikipeleka kabichi kwenye nyumba ya wageni pale Lushoto mjini huwa nachelewa kurudi kwa sababu nasimama dirishani naangalia vile viti vyao (mlinzi ameshanizoea, ananiambia, "Leo hawajahamisha kitu, nenda zako"). Nyumbani kwetu, juu kidogo ya Lukozi, nimeshona mito ya viti kwa masweta ya mitumba yaliyochakaa, nimepaka makopo ya maziwa nikapandia maua, na benchi letu nimelihamisha mara nyingi mpaka Bibi akawa anapapasa kwanza kabla ya kukaa.

Aliyeniambukiza ni dada yangu Zubeda. Mama alipofariki nilikuwa mdogo, nikawa silali, na Zubeda akaanza kubandika picha ukutani pembeni ya kitanda chetu, picha za kalenda na za magazeti, kwa gundi ya ugali. Kila siku picha moja. Ananiambia, "Lala, kesho kuna nyingine." Nililala kwa ajili ya hiyo nyingine. Baadaye akajifunza kudarizi vitambaa vya viti, ua lake lilikuwa moja tu, jekundu lenye petali tano na kitovu cha bluu, akilirudia kila mahali. Halafu akaolewa na Bakari, Muheza. Chumba kikabaki na picha zake na mimi.

Mwaka jana zikaja habari kwamba Zubeda ana mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao kujifungulia, akakaa mpaka arobaini ya mtoto iishe. Nilihesabu: mwezi wa saba mpaka wa kumi. Miezi mitatu ya dada yangu! Lakini mama mkwe wake, Mama Bakari, alisema atamleta mwenyewe, aone kwa macho yake mahali atakapolala mjukuu wake, akiridhika atamwacha, asiporidhika anarudi naye Muheza.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoharibika.

Nyumba yetu ni ya udongo, jiko liko ndani, na moto wa Bibi hauzimiki, akienda kulala anaufukia majivu na alfajiri anaufukua. Kwa hiyo kuta zetu zilikuwa za kahawia, za moshi wa miaka mingi. Mimi nikazitazama kuta, nikatazama simu, nikaona Mama Bakari akiingia na kukunja pua. Nikanunua chokaa. Na kwa kuwa chokaa na moshi havikai pamoja, nikafanya uamuzi mmoja mdogo tu, nikamwambia Bibi moto tuuhamishie kwenye kibanda cha nje mpaka wageni waondoke.

"Mwezi wa saba?" Bibi akasema. "Unazima moto mwezi wa saba, Salimu?"

"Ni siku nne tu, Bibi. Zubeda akute pazuri."

Alikoroga majivu kwa kijiti. Angekataa, ila nilimtajia Zubeda, na Bibi naye alikuwa anamtaka Zubeda wake. Akaubeba moto kwenye kigae cha chungu, akatoka nao nje.

Mnaoishi huku milimani mnajua mwezi wa saba ulivyo. Ukungu unaingia mlangoni kama mtu wa nyumba, shati ukifua Jumatatu unalivaa Ijumaa likiwa bado bichi, labda ulianike juu ya moto. Mimi nalijua hilo tangu kuzaliwa. Lakini nilimfuata fundi wa kwenye simu (yeye anakaa nchi ya jua, alikuwa amevaa singlendi) aliyesema chokaa hukauka kwa saa chache. Nikapaka Jumatano. Alhamisi ukuta bado ulikuwa wa baridi, lakini mweupe pe, mzuri mpaka nikaogopa kupumua. Ningeishia hapo! Nikachukua kitambaa cha Zubeda, nikalichora ua lake kwenye boksi la sabuni, nikalikata, nikachanganya udongo mwekundu na maji, kitovu nikakiwekea bluu ya kufulia, nikayagonga maua ukuta mzima, safu kwa safu. Bibi akachungulia, akasema, "Mazuri. Yanalia." Kweli, moja lilikuwa linachuruzika. Nikalifuta na kiganja.

Ijumaa saa nne wakafika, Zubeda, Mama Bakari, na mjomba wa Bakari, mzee mnene wa kicheko, amevaa kanzu mpya nyeupe. Zubeda aliposimama mlangoni akayaona maua yake. Aliweka mkono tumboni, mwingine mdomoni. Mimi nikaangalia miguu yangu, ila nakwambieni siku nyingine yoyote mtakayonipa sitaibadilisha na dakika ile.

Wakakaa kwenye benchi, na benchi nilikuwa nimelibana ukutani kama nilivyoona kwenye picha. Na kwa baridi ile, watu wa joto la Muheza, wakajikunyata na kuegemea wote.

"Pazuri," akasema Mama Bakari, akijifunika mtandio. "Lakini mbona nyumba ina baridi hivi? Moto wenu uko wapi?"

Bibi akanitazama. Mimi nikainuka kumimina chai.

Muda wa sala ulipofika nikatoka na mjomba kwenda msikitini, yeye mbele mimi nyuma kwa adabu, na hapo kwenye kinjia ndipo nikaona. Maua mawili kamili, moja kila bega, mekundu yenye kitovu cha bluu, na nusu ua kiunoni. Nikafungua mdomo. Mtoto kama mimi namwambiaje mkwe mkubwa kwamba nyumba yetu imemchafua? Nikaufunga mdomo. Nikajipa moyo kwamba atasali safu ya nyuma na hakuna atakayemwona (ona akili!), nikasahau kwamba mgeni hupelekwa mbele. Wakampeleka safu ya kwanza kabisa, mimi nikajikuta nyuma yake. Tukirukuu, maua yanarukuu. Tukisujudu, yanatandazika. Watoto nyuma wakaanza kukohoa kile kikohozi ambacho si kikohozi, na mimi sala yangu ile naiachia Mungu mwenyewe.

Tulipotoka, Mzee Kilua, jirani yetu asiyejua kunyamaza, akamshika mkono kwa heshima zote.

"Karibu sana mgeni. Huko Muheza siku hizi kanzu mnazidarizi mgongoni?"

"Mgongoni kuna nini?"

Akageuka kujitazama, hakuona, akageuka tena, hakuona, na akina mama wa sokoni walikuwa wameshaacha karoti zao. "Bwana harusi huyo!" mmoja akapiga kelele. "Bibi harusi yuko wapi?" Mjomba alicheka nao, lakini shingo yake iliiva. Njia nzima ya kurudi alitembea haraka mbele yangu, na mimi niliyekuwa na maneno ya kusema sikuyasema.

Tukakuta Mama Bakari amesimama katikati ya sebule, baibui lake jeusi limekuwa jeupe mgongo mzima, ameweka kiganja ukutani. Alipokiondoa, maji yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Zubeda alipouona mgongo wa mjomba na ua lake pale, akaangua kicheko, akaegemea ukuta asianguke, akacheka mpaka machozi. Nilidhani tumeokoka.

"Mama," Mama Bakari akamwambia Bibi, taratibu, bila hasira, "mimi sikatai umaskini, na kwangu ni udongo vilevile. Lakini nyumba inatoka maji. Mtoto mchanga atalala humu?"

"Moto unarudi leo leo, mkwe. Patakauka."

"Kesho mimi sipo hapa. Nitajuaje?"

Bibi akanitazama tena. Alikuwa ananingoja. Nilichotakiwa kusema ni kifupi: ni mimi niliyezima moto, nyumba hii siku zote ina joto, sisi wenyewe tulilelewa humu. Maneno hayo hata mtoto wa la kwanza angeyasema. Mimi nilishika mto wa kiti nikawa nauvuta uzi uliochomoza, nikauvuta, nikauvuta, mpaka sweta likafumuka. Bibi hakunitaja. Akasema tu, "Ni kosa langu, nimezeeka, naona uvivu wa kuni," yeye ambaye moto wake haujawahi kulala.

Saa tisa gari likaja. Zubeda alinikumbatia, tumbo lake likiwa katikati yetu, akaninong'oneza, "Salimu, kwa nini hukusema?" Akapanda. Mgongoni mwa dera lake kulikuwa na safu ya maua, na hakuna aliyempangusa.

Amejifungulia Muheza, mtoto wa kike. Mimi nimemwona kwenye simu tu, amelazwa kwenye kitambaa chenye ua nililolijua. Dada akipiga, kabla ya salamu anauliza, "Ukuta umekauka?" nami namjibu umekauka, dada, kisha vocha inakwisha.

Moto niliurudisha jioni ileile mimi mwenyewe, nikiwa nimechelewa kwa siku nne na kwa sentensi moja. Kuta zimeanza tena kuwa za kahawia, maua yanazama kwenye moshi, na sijapaka tena wala sitapaka kitu kitakachohitaji moto wa Bibi uzimwe. Nikikosea sasa nasema, hata sauti ikitetemeka, muulizeni Mzee Kilua, juzi nilimkanyagia viazi vyake nikaenda kumwambia mwenyewe, akashangaa kwamba nina sauti.

Ila benchi nimelisogeza. Kuna mahali ukutani hapana maua, pana mabega mawili na kichwa, pale Zubeda alipoegemea akicheka. Sitaki mtu mwingine apaegemee.