Dramu Nyekundu za Ausi

Shemeji yangu Ausi hakuwa mtu wa maneno mengi mpaka umtajie dramu. Siku hizi anasuka makuti pale Zinga na kuwauzia wenye vibanda vya ufukweni, lakini zamani alikuwa mpigaji wa bendi moja ya dansi ya Bagamoyo mjini. Mwenye bendi alipofariki, bendi nayo ikafa. Warithi wakauza vyombo, na dramu nyekundu alizozipiga Ausi tangu ujana zikaenda bila yeye kuulizwa. Hazikuwa mali yake. Alikuwa anazipiga tu.

Alipopata simu janja hakutazama mpira wala siasa. Alitazama matangazo ya dramu za zamani. Akazijua bei zake: vyuma vikishika kutu bei inashuka, nembo ya kiwandani ikiwepo inapanda, toazi likipasuka usihangaike nalo. Alisema anatazama tu. Mkewe, Mgeni, alikuwa akimcheka.

"Mwenzenu ana mke wa pili humo ndani ya simu," alituambia. "Tena mwekundu."

Kisha mwaka jana zikatokea. Kijana mmoja wa Kerege anayeitwa Abuu, ambaye hununua vyombo chakavu na kuviuza mtandaoni, aliweka picha: dramu za kizamani, laki nne, maongezi yapo. Ausi alinijia mbio, pumzi juu.

"Shemeji, ni zenyewe! Tazama hiyo ngoma kubwa ya mguu."

Mgeni siku hiyo hakucheka. Mkono wa kushoto wa mumewe ulikuwa umeanza kutetemeka, naye alijua anachotaka: azipige tena kabla mkono haujamkatalia kabisa. Akatoa fedha za kikoba alizoziweka kwa ajili ya bati. "Kazichukue," akasema. "Nyumba haikimbii."

Hapa kwetu humrukii mtu na bei. Unamsalimia, unamuuliza hali ya nyumbani, unamwambia chombo chake unakijuaje. Ausi alifanya hivyo. Alimtumia Abuu ujumbe mrefu wa sauti, akamweleza bendi ilivyokuwa, harusi walizopiga, na siku ngoma ya mguu ilipopasuka ubavuni. Fundi wa milango ya nakshi aliiwekea kiraka cha mbao ya mninga kwa ndani, akachonga ua dogo pale ambapo hakuna mtu angeliona. Alidhani anajenga udugu. Alidhani mtu akijua chombo kimelelewa na mikono yako, ataona haya kukuongezea bei. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikaona ni maneno mazuri.

Abuu akajibu: "Shikamoo mzee wangu. Kumbe! Njoo Jumamosi, hatushindwani."

Kesho yake tangazo likabadilika. Bendi ilikuwemo, fundi wa milango alikuwemo, ua lilikuwa limepigwa picha kwa tochi. Bei ikawa milioni moja na nusu.

Tukaenda hivyo hivyo. Uani kwa Abuu, katikati ya majokofu mabovu na makochi, tulimkuta dada mmoja aitwaye Adila, mnunuzi wa vyombo vya hoteli moja ya ufukweni. Dramu zilikuwa zimefutwa vumbi. Ausi alizitazama kwa mbali, hakuzigusa.

"Huyu hapa, dada," Abuu akasema kwa furaha. "Mpigaji mwenyewe. Muulize."

"Shikamoo baba," Adila akasema. "Mimi muziki siujui. Nataka kitu chenye historia nikiweke mapokezi. Kweli ndizo zile?"

Ausi akatia mkono mfukoni. Nilijua anachopima. Akisema ndizo, zinaondoka na Adila. Akisema sizo, zinakuwa tena dramu chakavu za laki nne, na laki nne anazo mfukoni. Huyu ni mtu ambaye kuti likiwa na tundu anakuonyesha mwenyewe kabla hujalipa.

"Sizo," akasema.

"Mzee!" Abuu akaruka. "Si wewe uliyenielekeza ua lilipo?"

"Picha za simu, mwanangu. Nilikosea. Hili wameiga."

Adila aliinama, akalitazama ua, kisha akamtazama Ausi usoni kwa muda. "Mwenyewe akinikania, bosi wangu nitamwambia nini?" Akaaga kwa adabu, akaingia kwenye gari.

Ausi akatoa bahasha ya Mgeni. "Basi mwanangu, laki nne yako hii hapa."

Abuu alicheka. "Ya nini? Si umesema sizo? Mtu mzima na mvi zako, unanitilia mchanga kitumbua changu mbele ya mteja! Hata ulete milioni mbili, huzipati. Nitaziuza kipande kimoja kimoja."

"Nisamehe. Niache basi nizipige kidogo tu."

"Kapige zile za kweli, mzee. Hizi si zimeigwa?"

Tulirudi Zinga mikono mitupu. Abuu alitimiza neno lake. Matoazi yalikwenda kwanza, halafu stendi. Ngoma ya mguu ilichukuliwa na baa moja, wakaiwekea kioo juu ikawa meza, na Abuu akamtumia Ausi picha yake, kama alivyotuma za vipande vingine. Kila picha ilipotoka, Ausi aliitazama mpaka mwisho, akaweka simu chini, akaendelea kusuka.

Ilipobaki ngoma moja, ile ndogo ya juu, nilijikaza nikamwambia, "Abuu hajui namba yangu. Nikuchukulie hiyo?"

"Nimezikana mbele ya watu, shemeji," akasema. "Nikija kuishika, niishike kwa mkono gani?"

Iliuzwa Ijumaa.