Picha ya Nuru Niliyopigwa Pamoja na Mama Mkwe

Nikiwaambia haya mtacheka, na mkicheka nitawasamehe, maana Bwera nzima, ule mji wa mpakani, ilishacheka kabla yenu na mimi bado naishi.

Ilikuwa siku ya soko, wiki ile ile ambayo Jumamosi yake nilitakiwa kwenda Kisinga kujitambulisha rasmi kwa wazazi wa mchumba wangu Masika. Nilitoka Kasese kuja Bwera kumnunulia mama mkwe kitenge (kitenge tu, nirudi zangu!), nikakuta watu wamejaa kwenye hema la bwana mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, ana kamera, kompyuta na vibati viwili vya kuwekea viganja. Unaweka mikono, anakupiga picha, inatoka umezungukwa na wingu la rangi, eti hiyo ndiyo nuru ya roho yako.

Mimi nafundisha fizikia, na ugonjwa wangu ni kwamba siwezi kuona uongo nikanyamaza. Nikachunguza. Muuza chapati aliyetoka motoni jasho likimtiririka, nyekundu. Dada aliyekuwa ameshika soda baridi, bluu. Nikajisemea, ahaa, vibati vinapima jasho la viganja, kompyuta inachagua rangi na kuipaka juu ya picha, roho haimo kabisa. Ningeishia hapo kichwani mwangu, ningekuwa mtu mwenye heshima hadi leo. Nikafungua mdomo.

"Mwalimu, masini haidanganyake," yule bwana akasema akitabasamu. "Iko inaona roho ya kila mutu."

"Ya mtu mmoja mmoja?"

"Moja moja, kabisa!"

Basi nikapanda jukwaani (hakukuwa na jukwaa, nilipanda kreti la soda), nikatangaza kwamba nitaweka mkono mmoja tu, mtu mwingine aweke wake kwenye kibati cha pili, tushikane mikono iliyobaki ili umeme upite, na kompyuta itatupa roho moja kwa watu wawili. Macho yangu yakiwa kwenye skrini, nikanyoosha mkono nyuma nikasema, "Yeyote, nipe mkono!" Watu wakamsukuma mbele mama mmoja, naye ananiona kisogo tu, nikaudaka mkono wake kabla hajasema neno, yule bwana akamwekea ule mwingine kwenye kibati. Kamera ikalia. Tukatokea wawili ndani ya wingu moja la waridi.

"Foto ya mapendo!" bwana akapaza sauti. "Angalieni, roho mbili iko moja!"

Soko likapiga vigelegele, na mimi, mjinga, nikainua ule mkono juu kama refa wa ngumi, nikageuka kumshukuru mwenzangu. Alikuwa mama yake Masika.

Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe, hata njiani humpisha kwa mbali. Mama akajifunika uso kwa leso, "Yesu wangu! Mukwe wangu!", na mimi kwa hofu nikasahau kumwachia, mpaka mwanajeshi mmoja wa doria ya mpakani akanikemea.

"Wewe mwalimu! Achia huyo mama! Haraka!"

"Ndiyo, afande," nikajibu, bado nimeushika.

Picha ilifika Kisinga kabla yangu (simu hizi!). Nilipoitwa huko kabla ya Jumamosi nilijua Masika nimempoteza, nikalia juu ya bodaboda, kweli kabisa, mtu mzima na suti yangu. Baba mkwe akaiweka picha mbele yangu. Nikaeleza jasho, vibati, rangi za kompyuta, naye akanisikiliza kwa upole hadi mwisho.

"Kwa hiyo hii rangi ya mapendo iko uongo?"

"Uongo mtupu, baba."

"Sawa. Rangi tumekusamehe. Na mukono?"

Nilitoa mbuzi wa kuomba radhi, Jumamosi ikaendelea, na Masika ni mke wangu leo, ingawa wajomba zake wameacha jina langu na kuniita Waridi. Uongo bado naukagua, nitafanyaje, ndivyo nilivyoumbwa, lakini naapa mbele yenu kwamba kabla ya kushika mkono wa mtu nitageuka kwanza nimwone uso.