Nguzo Chini ya Shimo la Mama Akiru

Nilikuwa Kalokol nikipakia samaki wakavu kwenye lori niliposikia kwamba kuna mwanamke huko Lodwar anayepima dhahabu kabla haijachimbwa, na anatafuta kibarua. Shule niliiacha mapema, lakini swali likiniingia halinitoki. Mtu anapimaje kitu asichokiona? Nikapanda lori lilelile.

Asubuhi, Lodwar, nilimkuta Madam Chebet, mtaalamu wa miamba, akinunua maji kwa mitungi. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ni mwembamba. Unaogopa mashimo?"

Nikasema siogopi. Sikuwa nimewahi kuingia shimo lolote.

Barabara ya Kakuma ilikuwa vumbi tupu. Njiani alinieleza kwamba wachimbaji fulani walitaka kukodi mashine ya kusaga mawe, wakamwomba awaambie kama mawe yaliyobaki yatalipa gharama yake. "Dhahabu iliyopo ni jambo moja," alisema. "Ile unayoweza kuitoa ukapata faida ni jambo lingine."

Kakuma tulisimama kwa muuza chai Mkongo. Aliposikia tunakokwenda, akaweka birika chini. "Kule batu banaingiaka. Kutoka ni neema ya Mungu tu. Mwaka jana mmoja alibakia humo." Chai yangu sikuimaliza.

"Ejok!" Machimboni tulipokewa kwa salamu hiyo na Mama Akiru, mwenye shimo, ambaye kwanza alituomba tumbaku. Shemeji yake, Lokwang, alikuwa ameshatuwekea gunia la mawe yanayometameta.

"Wewe mgeni yetu, madam. Mgeni tunachagulia nyama ya mafuta."

Madam akacheka. "Nikipima haya nitasema mlima mzima ni dhahabu. Nataka na mifupa."

Alitaka mawe yakatwe shimoni kila baada ya urefu wa mkono, mazuri na mabaya sawasawa. Hakuna aliyetaka kushuka. Tangu mvua inyeshe, walisema, shimo limeanza kulia. Lokwang akajifunga kamba, akanigeukia. "Na wewe? Ama ni ya kubeba maji tu?"

Chini hewa ilikuwa nzito. Paa lote lilishikiliwa na nguzo moja ya mwamba, nene kama tumbo la ngamia, ambayo wachimbaji waliiacha makusudi. Tulikata mawe hadi tukaifikia. Tochi ikamulika mshipa mweupe wenye chembe za njano. Lokwang akagonga patasi. Mchanga ukanimwagikia shingoni, kisha juu yetu kitu kikalia kama mfupa mkavu ukivunjwa.

"Mlima inapumua tu," Lokwang alisema, lakini mkono wake ulikuwa umekamata shati langu.

Tulipotoka, Mama Akiru alitwanga kila fungu la mawe peke yake, akalisafisha kwenye karai. Mengi yaliacha unjano hafifu. Fungu la nguzo liliacha mkia mnene wa dhahabu, na watu wakashangilia. Madam akapiga hesabu yake.

"Bila nguzo, mashine haitalipa. Na nguzo siihesabu."

"Macho yako iko mgonjwa?" Lokwang akafoka. "Dhahabu iko, unasema haiko?"

"Iko. Ukiitoa, paa linashuka."

"Kesho mimi natoa. Watoto hawawezi kula paa."

Mama Akiru aliivuta kamba yote kutoka shimoni, akaikatakata, akawafunga mbuzi wake kwa vipande hivyo.

"Sasa ruka, shemeji. Ndugu yako, mume wangu, amebaki huko chini. Wewe sitaki ubaki."

Lokwang aliketi juu ya gunia lake, akatugeuzia mgongo.

Tukirudi, nilijua sasa jinsi mtu anavyopima asichokiona: anachukua kizuri na kibaya kwa usawa, kisha anaondoa katika hesabu kile kinachoshikilia paa. Hadi leo, hata nikiwa Lodwar, siketi kibandani kabla sijatazama juu.

Siku hiyo, Kakuma, yule Mkongo alitukaribisha tena, akifurahi kutuona wazima. Nilikunywa chai yote safari hii. Jirani yake palikuwa na duka, na mlangoni zilining'inia kamba mpya za nailoni, ndefu, za kila rangi. Nikakumbuka ile "kesho" ya Lokwang.